Shajara ya "Kalafati": siku 15, mashua moja, masomo mawili

Siku ya 1

Mashua imepandishwa usiku wa kuamkia leo, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yalipojaa hadi mwisho. Asubuhi nimeikuta imelalia ubavu juu ya mchanga, karibu na magofu ya forodha ya Wajerumani, imeegemezwa kwa magogo ya mnazi. Mbao mbili zimeng'olewa, na kupitia lile tundu unaona mataruma yamepangana kama mbavu za ng'ombe. Fundi, mzee wa miaka kama sabini, alikuwa chini yake akikwangua deheni kuukuu, yale mafuta mazito yanayopakwa mashua kwa nje. Nikamwamkia, nikajieleza: mwanafunzi wa filamu, mwaka wa kwanza, nimeingia Bagamoyo juzi, naomba ruhusa ya kukaa naye na kamera. Akauliza nimetokea wapi. Pangani, nikasema. "Basi wewe mashua si mgeni nazo, mwanangu," akajibu, akaendelea kukwangua. Nimeichukua hiyo kuwa ruhusa, ila kesho nitamwomba tena mbele ya mwenye chombo.

Mradi wenyewe ni filamu ya dakika 8, ya mambo halisi, juu ya mashua hii moja kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa kati ya mbao zake. Jina la muda ni "Kalafati". Tarehe ya mwisho sikuipanga mimi. Mashua ilipandishwa kwa bamvua na itashuka kwa bamvua, yaani baada ya siku 14 au 15, kwa sababu maji mafu ya katikati hayafiki pale ilipolala. Fundi akichelewa, mwenye chombo atapoteza nusu mwezi mwingine wa uvuvi.

Chuoni nako dirisha la kusajili masomo limefunguliwa leo na litafungwa baada ya wiki mbili hizo hizo. Manne ni ya lazima, mawili unachagua mwenyewe. Kila la hiari lina krediti 9, na kwa mfumo wa NTA, ule wa tuzo za vyuo vya ufundi, krediti moja ni saa 10 za kazi, ndani na nje ya darasa. Masomo mawili ni saa 180. Mama ameuza nazi za msimu mzima kulipa ada ya muhula huu, kwa hiyo saa hizo nataka kujua zinakwenda wapi kabla sijatia saini.

Siku ya 2

Masomo ya hiari ni Uongozaji, Uandishi wa Skripti, Sauti, Uhariri na Uigizaji wa Kamera. Karatasi za kuandika majina zimebandikwa ubaoni. Kufika saa sita mchana, karatasi ya Uongozaji ilikuwa imejaa ikaongezwa ya pili. Ya Sauti ilikuwa na majina matatu.

Jina langu nami nimeliandika kwenye Uongozaji, kwa kalamu ya risasi. Ndicho kilichonileta huku. Nilipokuwa kidato cha tatu, mjomba alinipeleka Unguja wakati wa lile tamasha la filamu la kimataifa lililoanzishwa 1997. Tukakaa Ngome Kongwe, juu hakuna paa, ukutani kuna kitambaa cheupe, na watu mia kadhaa wakanyamaza kwa pamoja. Nilitaka kuwa yule anayewanyamazisha. Bado nataka.

Siku ya 3

Nimeamua kuingia kila darasa angalau mara moja kabla ya kusajili. Hakuna anayekuzuia wiki mbili za mwanzo, unakaa nyuma tu.

Uongozaji: ukumbi umejaa, wengine wamesimama mlangoni. Mhadhiri anajulikana, ameongoza filamu nyingi za Bongo, na anazungumza hata unasahau kuandika. Kwa saa mbili alitusimulia jinsi ya kumtuliza mwigizaji aliyegoma na jinsi ya kuokoa siku mvua ikinyesha. Nimejifunza mambo mle. Mwisho nikanyoosha mkono, nikauliza tutafanya mazoezi mangapi. Mawili kwa muhula, kwa makundi ya watu kumi kumi, kwa sababu kamera hazitoshi. Nikakaa nikapiga hesabu: katika kundi la kumi anaongoza mmoja, wengine wanashika waya.

Darasa jingine mhadhiri alisoma kutoka kwenye karatasi zilizogeuka rangi ya chai, sisi tukinakili. Sitasema ni somo gani. Yanayosomwa pale yangetosha kutolewa nakala tukasome wenyewe.

Uandishi wa Skripti nimeupenda zaidi ya nilivyotarajia. Mwalimu alichukua ukurasa wa mwanafunzi, akawapa watu wawili wausome kwa sauti, kisha akauliza tu: "Nani kati ya hawa wawili anataka kitu?" Kimya. Mwandishi mwenyewe akasema, hakuna. Akaenda kuandika upya bila kuambiwa.

Siku ya 4

Leo ndiyo siku iliyonisaidia kuliko zote, na haikuwa na darasa hata moja.

Nimekwenda hosteli ya mwaka wa pili. Mwanzo niliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: mwalimu gani ni mzuri? Majibu: huyu mkali, huyu mpole, huyu maksi anatoa, yule anakamata. Maneno hayo hayanisaidii kitu. Mtu anaweza kuitwa mkali kwa kuwa anatukana, na mwingine kwa kuwa hapokei kazi iliyochelewa. Basi nikabadilisha ombi. Nikasema, dada, kaka, naomba unionyeshe zoezi lako mojawapo na alichokuandikia mwalimu.

Kaka mmoja akanitolea bahasha mbili. Ya kwanza ina zoezi la kurasa sita, amehangaika nalo wiki tatu. Chini pameandikwa kwa wino mwekundu: "Vizuri. 68." Basi.

Ya pili ni zoezi la Sauti, mahojiano ya dakika mbili na bibi yake jikoni. Mwalimu ameandika kwa penseli, mistari imebanana hadi pembeni. Nimenakili baadhi:

"Sekunde ya 14: friji. Ulizima feni ukasahau friji. Rudi, lichomoe, rekodi tena. Funguo zako za chumba ziweke ndani ya friji, hutaondoka bila kulichomeka."

"Sekunde ya 40: umemkatiza. Alikuwa hajamaliza, alikuwa anameza mate."

"Dakika 1 na sekunde 2: hapa umesubiri. Vizuri sana. Pumzi ile ndiyo habari yenyewe."

Nikamuuliza alipata maksi ngapi. Akasema 61. Nikamuuliza kama alirudia. Akasema alirudia mara mbili ingawa maksi zilishaingizwa, na funguo aliziweka kwenye friji kweli.

Siku ya 6

Fundi ameanza kukalafati. Mbao mpya zimeshapigwa misumari, sasa ni zamu ya kuziba nafasi kati ya ubao na ubao. Anasokota pamba mapajani ikawa kamba, anailoweka mafuta ya nazi, anailaza kwenye ufa na kuishindilia kwa patasi isiyo na makali na nyundo ya mti. Nimekaa naye tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipiga shoti nyingi za mikono, maana mikono yake ni mizuri kuitazama, vidole vimekunjana kama mizizi.

Kilichonishtua ni kwamba haangalii. Anapiga huku uso ameuelekeza baharini, akiamkiana na watu wanaotoka mnadani na samaki. Nikamwuliza, babu, unajuaje kama pamba imeingia sawasawa? Akacheka kidogo, akanivuta nikae karibu na ubao, sikio kama shubiri tatu hivi kutoka kwenye patasi.

"Mbao haina maneno mengi. Ikiwa na njaa inasema *pu*. Ikishiba inasema *ko*. Ukiendelea kuilisha imeshiba, inapasuka."

Akapiga. Pu. Pu. Pu. Kisha bila onyo, ko. Akasogea mbele nusu shubiri. Pu, pu, ko. Nilifumba macho na nikaweza kumwambia ni lini ahame. Mara nne nilipatia, ya tano nikakosea kwa pigo moja. Akaniambia mjukuu wake alichukua mwezi.

Jioni nimetazama nilichorekodi. Picha safi. Sauti ni upepo, kelele za mnada, pikipiki, na kwa mbali kitu kama mtu anagonga mlango nyumba ya tatu. Pu na ko ni kitu kimoja. Mtu akiiona hii atadhani mzee anapiga tu misumari. Habari nzima ya filamu yangu haimo ndani ya filamu.

Siku ya 7

Darasa la Sauti, tuko tisa pamoja na mimi mgeni. Mwalimu ni mama wa makamo, sauti yake ya chini kiasi kwamba lazima unyamaze umsikie. Alianza kwa kutufumbisha macho dakika 3, dirisha wazi, kisha kila mtu aandike alichosikia kwa mpangilio wa umbali. Mimi niliandika vitu saba. Yeye alikuwa na kumi na tisa, pamoja na tyubu ya taa iliyokuwa ikinguruma juu ya vichwa vyetu na wala hakuna aliyeitaja.

Baada ya darasa nikaomba anisikilize klipu yangu. Alivaa hedifoni, akasikiliza hadi mwisho bila kugusa simu yake. Nalitaja hili kwa sababu nimeshaonyesha walimu wawili kazi na wote walitazama sekunde kumi.

"Kamera ilikuwa umbali gani?"

"Kama mita 4."

"Na fundi, sikio lake liko wapi?"

"Nusu mita."

Akachora ubaoni. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka kwenye chanzo hushuka kama desibeli 6, ilhali upepo na mnada vilivyokuzunguka havishuki. Kutoka nusu mita kwenda moja, kwenda mbili, kwenda nne, ni hatua tatu, desibeli 18. "Hizo ndizo ulizoacha ufukweni," akasema. "Lenzi inaweza kuvuta kitu cha mbali kikawa karibu. Maiki haina kipaji hicho. Lazima mtu aende nayo."

Nimerudi ubaoni pale penye majina. La kwangu nimeliandika la nne kwenye Sauti. Kwa wino.

Siku ya 8

Nimempigia mama. Kaka alikuwa hapo karibu, akachukua simu: "Sasa mdogo wangu, umekwenda kusomea filamu au redio?" Anahofia nazi za mama, namwelewa. Nimemweleza habari ya pu na ko. Akanyamaza, kisha akasema marehemu baba alikuwa anagonga nazi kwa ukucha kujua kama imekomaa, na sisi tulidhani anacheza. Mama akarudi kwenye simu akanitakia heri.

Siku ya 9

Nimeharibu kazi ya siku nzima. Chuo kiliniazima kinasa sauti na maiki yenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Nilipima kiwango wakati babu anazungumza, mshale ukakaa pazuri, nikaanza. Yeye akawa anasimulia na kupiga kwa wakati mmoja, maelezo mazuri kuliko yote aliyowahi kunipa: jinsi alivyofundishwa na mjomba wake, na mashua ya kwanza aliyoikalafati peke yake na ikavuja. Maneno yamekaa vizuri. Kila pigo la nyundo limegota sifuri, kikomo cha juu cha kinasa, na kupasuka. Rekodi ya dijitali ikigota sifuri, kilele kimekatwa na hakuna programu itakayokirudisha jinsi kilivyokuwa.

Nililia kidogo nyuma ya forodha, nikaja kumwambia ukweli. Akasema kesho atarudia, pamba bado ipo nyingi.

Mwalimu wa Sauti hakunigombeza. Alinionyesha kitufe ambacho kinarekodi njia ya pili desibeli 12 chini ya ile kubwa, kwa ajili ya siku kama hiyo, akaniambia nipime kiwango kwa pigo kubwa kuliko yote na si kwa mazungumzo. "Mwambie apige kwa hasira, ndipo upime."

Siku ya 10

Babu amerudia. Hakurudia maneno yale yale, yalikuwa mengine, nami sikuomba ya jana. Mapigo yamekaa chini ya desibeli −10. Pu ni pu, ko ni ko. Mwishoni nikamwomba kila mtu anyamaze nikarekodi dakika moja ya ufukwe peke yake, nitakayoilaza chini ya uhariri ili mikato isisikike. Vijana wa mnadani walikubali. Dakika moja ya watu arobaini kunyamaza si zawadi ndogo.

Somo la Picha, ambalo ni la lazima, limenipa kitu leo pia: ukirekodi ndani kwenye tyubu, weka fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiweka 1/60 taa inapepesa kwenye picha. Zile shoti zangu za karakana za juzi zilizokuwa zinacheza cheza, nimezijua ugonjwa wake.

Barua ya chuo ya kibali imetoka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka ruhusa kabla ya kupiga filamu, na mwalimu wa Uzalishaji amesisitiza hata mwanafunzi ajifunze kuiomba sasa, mapema.

Siku ya 12

Nafasi ya pili. Uongozaji, Skripti au Uhariri? Nimekosa usingizi kwa hili.

Kuna mwenzetu darasani, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amefika miaka 40 na anaona haya kukaa na watoto wa miaka 20. Tulikuwa tunakula chipsi mayai, akasema huenda amechelewa, achukue tu somo lolote amalize. Nikamkumbusha tuliyofundishwa wiki ya kwanza kuhusu Ousmane Sembène wa Senegal. Alibeba mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya, kisha akikaribia miaka 40 akaenda Moscow kusomea filamu, kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake. Alikwenda kwa haja aliyokuwa nayo tayari. Mwenzangu amechukua Skripti. Anasema ana hadithi ishirini za darasa la nne.

Mimi nikaenda ofisini kwa mhadhiri wa Uongozaji, maana nilitaka kulifuta jina langu mbele yake. Nikamweleza nina filamu moja inaendelea, ninachokosa ni kuikamilisha. Alinisikiliza vizuri sana, tofauti kabisa na alivyo ukumbini. Akauliza maswali matatu juu ya fundi, la mwisho likanishinda: "Siku mashua ikishuka, yeye atakuwa anaangalia wapi?" Akasema, njoo kwangu mwaka wa pili na hiyo filamu mkononi, tutakuwa na la kuzungumza. Nitakwenda.

Siku ya 13

Uhariri. Mwalimu alitupa sote klipu zile zile sita na saa moja. Zikatoka filamu kumi na nne, hakuna inayofanana na nyingine. Kisha akatusimulia jaribio la mwongozaji filamu Lev Kuleshov kule Urusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita: uso mmoja wa mwigizaji ukiwekwa baada ya bakuli la supu watu wanaona njaa, ukiwekwa baada ya jeneza wanaona msiba, na uso ni ule ule. Nikakumbuka uso wa babu ukitazama baharini wakati mkono unapiga. Nikiuweka baada ya mnada, ataonekana amechoka na kazi. Nikiuweka juu ya pu, pu, pu kabla ya ko, ataonekana anasikiliza, na ndiyo kweli.

Nimesajili. Sauti na Uhariri. Karani akagonga muhuri akauliza kama nina uhakika, maana hayo mawili kwa kawaida huachwa ya mwisho. Nikasema ninao.

Siku ya 15

Bamvua. Maji yanajaa kileleni kama saa kumi, alfajiri na tena jioni. Tulikubaliana jioni: jua linakuwa nyuma yangu, juu ya mji, linamulika mashua na bahari. Alfajiri ya saa kumi bado kungekuwa giza.

Watu kama ishirini walikuja kusukuma. Magogo yakalazwa, deheni mpya bado inanuka. Kamera nimeiweka kwenye stendi, nikaipangia fremu pana na kuiacha. Mimi nilikuwa ndani ya mashua na maiki, ngamani, nimechuchumaa gizani chini ya mbao za sitaha. Mwenzangu wa Sauti alisimama kwa kamera, tukapiga kofi moja kubwa ili picha na sauti zikutane baadaye.

Sikuiona mashua ikishuka. Niliisikia. Mchanga ukisaga chini ya mkuku, wimbo wa kusukuma ukija kwa mawimbi, magogo yakilia, kisha kelele zote za chini zikakatika kwa mkupuo na nikahisi tumeinuka. Maji yakaanza kugonga mbao kwa nje. Nikaelekeza maiki kwenye mshono ule wa mbao mbili mpya. Babu alikuwa ameingia nyuma yangu, sikumsikia. Hakuangalia popote. Aliweka kiganja kwenye mshono na sikio juu ya kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi sikusema neno. Kisha akanitazama.

"Kavu," akasema.

Rekodi ya 41, dakika 6 na sekunde 20, kilele desibeli −14. Nakala mbili zimeshahifadhiwa. Jumla nina saa 3 na dakika 10 za kukatwa zifike dakika 8. Darasa la Uhariri ni kesho saa mbili asubuhi, naingia na diski yangu.